Kuta zinazomenyeka: siku saba kutoka Mikindani hadi Kivinje

Jumamosi. Mikindani

Studio nimeifunga jana jioni. Mwaka mzima napiga picha za paspoti na za harusi: mtu amevaa suti ya kuazima, nyuma yake ukuta umefunikwa shuka jeupe lisilo na hata kunyanzi moja. Agosti huku kwetu Mtwara ni mwezi wa kimya. Msimu wa korosho haujafunguka, pesa hazijaingia mikononi, harusi nyingi zinasubiri Oktoba na Novemba. Basi nimejipa siku saba za kupiga vitu ambavyo hakuna anayenilipa kuvipiga: kuta, milango, ngazi, vyuma vilivyoliwa na chumvi.

Nimeshuka daladala Mikindani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Kutoka mjini ni kama kilomita 10 tu, na bado wapo watu wa Mtwara niliosoma nao ambao Mikindani wanaijua kwa dirisha la basi. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko kule juu kwenye mteremko, jeupe, limekarabatiwa na sasa ni hoteli. Ni zuri na limetunzwa. Nyumba yenye kibao cha Livingstone nayo ina wageni wake. Huyo bwana alianzia hapa mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Nimevipita vyote viwili nikakata kichochoro.

Nyumba za kale za hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya kawaida haizidi mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Mti ndio uliomwamulia fundi upana wa chumba. Ukiingia kwenye gofu lililobaki bila paa, utaona matundu ya boriti yamejipanga ukutani kama meno yaliyong'oka, na ukipima kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta, hesabu hazipishani sana nyumba kwa nyumba.

Ukuta niliokuwa nautafuta nimeupata nyuma ya nyumba yenye baraza refu. Rangi imemenyeka kwa mabaka: manjano juu, kijani chini yake, chini zaidi buluu, na chini kabisa nyeupe. Mpaka wa kila baka umechongoka kama ramani ya pwani. Nimepiga magoti, nimefunga tundu la lenzi hadi namba 8 ili kila ufa uonekane, na nimeshapiga mara tatu ndipo nasikia mtu anakohoa.

Ni bibi mmoja, kanga mbili, fimbo mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unapima?"

"Sipimi, bibi. Napiga picha."

"Na waliopima nao walikuja wanapiga picha."

Hofu yake naielewa. Tangu habari za gesi ya Mnazi Bay zilipovuma, viwanja vya pwani vilipanda bei, na watu wengi wamepita kwenye vichochoro hivi na kamba, daftari na kamera. Kosa ni langu, nimeanza kupiga kabla sijabisha hodi. Nimeomba radhi, nikamwonyesha kioo cha kamera, nikamweleza kwamba nimezipenda rangi za ukuta wake.

"Ukuta umeoza huu! Si ungengoja upakwe?"

Hata hivyo ameikazia macho ile picha. Kisha amekuja hadi ukutani, akaweka kidole kwenye ile nyeupe ya chini. Hiyo, kasema, aliikuta. Aliletwa hapa mwali, ukuta unawaka. Kidole kikapanda kwenye buluu: mwanawe wa kwanza alipotoka jandoni. Kijani ilikuwa Idi, mumewe aliporudi na pesa za mkonge kutoka Lindi. Manjano ni harusi ya mdogo wake.

Mimi nikaonyesha baka pana la kahawia linaloshuka toka juu ya dirisha. "Na hii, bibi?"

"Hiyo siyo rangi, mjukuu wangu. Hiyo ni mvua."

Nimekaa barazani kwake hadi saa nne. Kaniletea chai ya mkandaa na ming'oko ya kuchemsha. Nimepiga picha za paspoti miaka 11, na leo ndiyo mara ya kwanza naona ukuta ukisomwa kama albamu ya familia. Kumbe kila nilichokuwa nakiita mabaka kina tarehe.

Jumapili. Bado Mikindani

Nimerudi alfajiri. Ukuta wa kale unataka jua la ubavuni, lile la saa ya kwanza au ya mwisho ya siku, linalopita juu ya ukuta badala ya kuugonga usoni. Hapo kila tundu la jiwe linapata kivuli chake, kila ganda la rangi linainuka. Saa sita mchana ukuta uleule unakuwa bapa kama karatasi. Kwa hiyo mchana nalala, au nakula, au nazungumza na mafundi.

Fundi mwashi niliyemkuta akiziba ufa kwenye nyumba ya jirani kanifundisha jambo nililokuwa naliona bila kulielewa. Nilikuwa nimegundua kwamba sehemu zilizozibwa kwa saruji ndizo zenye ubaya usio na raha: donge la kijivu, na kuzunguka donge hilo ukuta unamomonyoka zaidi. Kasema chokaa inapumua. Maji yakiingia ukutani hutoka polepole kupitia chokaa. Saruji inayafungia ndani, chumvi inajaa, jiwe linapasuka kutoka ndani. "Ukuta unakufa kwa dawa," kasema. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshika mwiko wa saruji, kwa sababu mwenye nyumba ndiyo aliyoinunua. Chokaa ya kuchoma matumbawe, wanaojua kuizima na kuiacha ikomae wamebaki wachache.

Mlango mmoja wa nakshi nimeupiga kwa saa nzima. Nguzo ya katikati, mfaa, bado ina maua yake yaliyochongwa, lakini kwenye urefu wa mkono wa mtu mzima nakshi imefutika kabisa, laini kama sabuni iliyotumika. Hapo ndipo kila mtu aliyetoka na kuingia alipoweka mkono. Picha niliyoipenda ni ya hiyo sehemu iliyofutika, maua yakiwa juu na chini yake, nje kidogo ya fokasi.

Kwa bibi nimepita kuaga. Kwenye ukumbi wake palikuwa na mifuko minne ya chokaa na ndoo mpya. Nimeiona, nikaipita.

Jumatatu. Njiani

Hiace ya Lindi, kilomita 100 na ushee, magoti mdomoni. Nimeshuka Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, kwa ajili ya kitu kimoja.

Kusini tuliwahi kuwa na reli. Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Nachingwea ikahitaji njia ya kufikisha karanga baharini, wakatandika reli hadi kwenye mkono wa bahari wa Lindi, baadaye na hadi Mtwara, ambako bandari ya kina kirefu ilijengwa. Karanga zilikataa. Mvua ilikuwa haba, udongo wa Kongwa ulikauka kama tofali, mitambo ikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukatupwa. Treni ikabaki ikibeba kidogo kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Watoto wetu wanazaliwa na kukua bila kujua kwamba honi ya treni iliwahi kusikika hapa.

Kwenye shule moja ya msingi kuna kipande cha chuma kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mwembe. Mwalimu aliyenipokea anasema kilitoka kwenye reli ya karanga. Ndiyo kengele ya shule. Chuma chote kina kutu nyekundu nzito, inayobanduka ukigusa, isipokuwa pale katikati panapogongwa. Pale panang'aa kama shilingi mpya.

Nimengoja mapumziko. Mtoto wa zamu kaja na nondo yake, kagonga mara saba, na nimepiga kila pigo. Nimekuja kwa ajili ya kutu. Picha zilizofaa ni zile zenye mkono.

Nimefika Lindi jioni, mgongo unauma, samaki changu wa kukaanga na muhogo, nikalala.

Jumanne. Lindi

Mji huu unaniumiza kwa uzuri wake. Mtaa baada ya mtaa una nyumba za wafanyabiashara wa zamani, Wahindi na Waarabu, zenye vibaraza vya juu vya mbao, madirisha ya mabati yaliyopindishwa na chumvi, na vichwa vya kuta vilivyofinyangwa maua ya plasta. Nyingine zina duka chini na popo juu. Nyingine zimebaki uso tu. Ukichungulia dirishani unaona anga na mpapai.

Asubuhi nimetembea na lenzi moja tu, milimita 50, nikijilazimisha kusogea kwa miguu. Kuna fundi baiskeli anayefanya kazi kwenye baraza la nyumba iliyoanguka paa. Ndani ya gofu ametundika fremu za baiskeli kwenye misumari iliyowahi kubeba, sijui, taa au picha za wenyewe. Nimembishia hodi kwanza, nimejifunza. Kanikubalia kwa sharti kwamba nisimpige akiwa na ovaroli chafu, kisha akasahau sharti lake mwenyewe akaendelea na kazi, na mimi nikaliheshimu. Nimepiga mikono tu, na nyuma ya mikono ule ukuta wa waridi uliogeuka rangi ya samli.

Mchana, wakati wa jua bapa, nimekaa ufukweni karibu na gati nikiwaza kwa nini mji mzima huachwa. Watu husema ni uvivu wa wenyeji. Nakataa. Miji yetu ya zamani ya kusini ilijengwa na jahazi. Jahazi linataka ghuba tulivu na ufukwe wa taratibu, maji yakipwa likae kwenye mchanga, wachukuzi waingie majini hadi magotini. Ndiyo maana Mikindani ikawa Mikindani, na Lindi Lindi, na Kivinje Kivinje. Meli ya chuma inataka kina. Ilipokuja, kina kilikuwa kwingine: bandari ya Mtwara ikaipita Mikindani, kisha miaka ya 1950 makao makuu ya Jimbo la Kusini yakahama Lindi kwenda Mtwara hiyohiyo. Kilwa nako Masoko yenye maji marefu ikaichukua ofisi ya Kivinje. Hakuna aliyeuchukia mji wake. Maji yake yalikuwa mafupi.

Na katika ufukwe huu wa Lindi ndimo ulipopita mzigo wa kale kuliko yote. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria Tendaguru, kaskazini magharibi ya hapa, na wachukuzi wetu wakaileta bandarini kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa porini. Zaidi ya tani 200. Mmoja wa wale wanyama amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni. Nimetafuta kitu cha kupiga ufukweni kitakachobeba habari hiyo. Nimepiga kata ya kichwani, ya majani ya mgomba, imetupwa kwenye mchanga na mama aliyeshusha ndoo ya dagaa. Ndiyo picha yangu ya Tendaguru.

Jumatano. Kuelekea Kivinje

Basi hadi Nangurukuru, kisha bodaboda. Mawingu, upepo wa kusi mkali, vumbi kwenye lenzi. Sikupiga kitu cha maana.

Mwenzangu wa kiti kaniuliza kama naenda Kilwa Kisiwani. Ni swali la haki: msikiti mkuu, Husuni Kubwa, magofu yaliyo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Nimekwenda mara mbili na nitakwenda tena. Lakini kule jiwe likianguka kuna mtu wa kuandika ripoti. Kivinje ni kati ya bahari na mvua.

Alhamisi. Kilwa Kivinje

Hii siku nimeiandika mara mbili, ya kwanza nimeichana.

Boma la Wajerumani la Kivinje limesimama mbele ya bahari, ghorofa bila paa, madirisha ya matao yakiwa wazi pande zote. Mizizi ya miti imeshuka kutoka juu ya kuta, imekumbatia mawe, na mahali pengine huwezi kusema kama ukuta unabeba mti au mti unabeba ukuta. Mpiga picha yeyote akifika hapa saa moja asubuhi, jua likiingia kwenye yale matao kwa rangi ya asali, moyo utamwenda mbio. Wangu ulikwenda mbio. Nimepiga fremu 60 kabla sijapumua.

Kisha mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu chini ya mvinje (mji umepata jina kwa miti hiyo) kaniita. Nimemwamkia, nikakaa. Kaniuliza kama najua hospitali ya hapa inaitwaje. Nilijua: Kinyonga. Kaniuliza kama najua kwa nini. Nilijua pia, kwa namna mtu anavyojua jambo la kwenye daftari la shule. Mwembe Kinyonga, mwembe wa kunyongea. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa hapa Kivinje mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani, na miaka 10 baadaye ikaja Maji Maji. Kabla ya hao, katika karne ya 19, misafara kutoka Ziwa Nyasa ilifikia hapa na pembe na watu, na watu hao walipakiwa majahazini kwenye ufukwe huuhuu.

"Sasa wewe unapiga jua," kasema mzee, akarudi kwenye wavu wake.

Hakusema kwa ubaya. Lakini nimekaa pale muda mrefu, kamera mapajani, nikipitia zile picha 60 kwenye kioo. Zilikuwa nzuri zote. Zilikuwa nzuri kwa namna ambayo mtu wa mbali angeziweka sebuleni, asijue ametundika nini. Bibi wa Mikindani alipozitaja rangi zake, uzuri wa ukuta uliongezeka. Mzee wa Kivinje aliponiuliza habari za Kinyonga, uzuri ule ulinishtaki. Nadhani zote mbili ni kazi ya haki kwa picha. Kitu kilichochakaa kwa kutumiwa na kitu kilichochakaa kwa kukataliwa havistahili jua moja.

Sikuzifuta. Nimezihifadhi kwenye folda yake. Lakini saa sita mchana, saa ninayolala siku zote, nimerudi bomani. Jua bapa, kali, bila kivuli cha kujifichia. Nimesimama mbele kabisa, katikati, kama ninavyompiga mtu wa paspoti: uso wote, masikio yote, bila kutabasamu. Fremu 4 tu. Jengo limeonekana lilivyo, mawe na matundu, na ule mti umeonekana kuwa mti.

Nimempelekea mzee kioo. Kaangalia, kavuta nyuzi mbili za wavu wake. "Hilo nalijua," kasema.

Jioni nimezunguka mtaa wa ndani. Milango ya nakshi, msikiti, watoto wanacheza rede kwenye uwazi uliokuwa sebule ya mtu. Mama mmoja anakaanga vitumbua kwenye baraza la nyumba isiyo na nyumba. Limebaki baraza peke yake, lenye sakafu iliyong'arishwa na makalio ya vizazi. Hapo jua la ubavuni nimelitumia bila hatia yoyote.

Ijumaa. Kurudi

Baada ya sala nimepanda basi linalotoka Dar, nafasi ya kusimama hadi Lindi. Barabara inapita Mikindani kabla ya kufika mjini, na sikuwa na nia ya kushuka. Lakini saa kumi na moja na nusu hivi, basi likipunguza mwendo, kichochoro kile kikapita dirishani, na mwisho wake nikaona ngazi imeegemezwa ukutani.

"Shusha hapo!"

Nimekimbia na begi mgongoni. Ukuta wote ulikuwa wa waridi. Kijana alikuwa juu ya ngazi na brashi ya katani, akimalizia pembe ya dirisha, ndoo ikidondosha matone kwenye mchanga. Buluu haikuwepo tena, wala kijani, wala baka la mvua. Nilikuwa nimepanga kurudi Desemba, mvua zikianza, niupige tena palepale nione umemenyeka wapi. Miguu imenilegea, nimekaa kwenye baraza bila kukaribishwa.

Bibi katoka. Upindo wa kanga yake ulikuwa umeshagusa rangi.

"Umerudi! Nilikwambia ungoje upakwe."

"Kuna nini, bibi?"

"Mjukuu anaolewa Alhamisi. Wamekataa kungoja korosho." Kageuka kuutazama ukuta kwa namna ile ile aliyoutazama Jumamosi, kidole tayari. "Hii ni yake. Ile mvua sasa imekwenda chini, ya tano. Na hii ya sita."

Kijana kashuka kwenye ngazi, kaisogeza pembeni bila kuambiwa. Bibi kajipanga mbele ya ukuta, kavuta kanga ya kichwani, fimbo kaiegemeza nje ya picha. Jua la kusi lilikuwa limebaki nusu saa, linapita ubavuni mwa ukuta, na kwa kuwa chokaa ya juu ilikuwa nyembamba, mipaka ya yale mabaka yote ilikuwa imeinuka chini ya waridi, pwani zote nne, kila moja na kivuli chake.

"Piga kabla hapajakauka," kasema.